Mwenye ng'ombe hana hatia: kwa mnaoanza kusoma Kiebrania

Mwaka wangu wa pili wa Kiebrania nilipewa Kutoka 21:28 niitafsiri bila kufungua Biblia ya Kiswahili. Ni ile sheria ya ng'ombe aliyempiga mtu pembe akafa: ng'ombe apigwe kwa mawe, na nyama yake isiliwe. Nilikwenda vizuri mpaka maneno matatu ya mwisho, uvaal hashor naki. Nilipoliona humo neno baal (u- ni "na", na b hapo hulainika ikawa v), jina la Baali, mungu aliyepingwa na manabii wa Israeli, moyo ukanidunda. Nikaandika, "na Baali-ng'ombe hana hatia." Sikuishia hapo. Nikaongeza ukurasa na nusu wa maelezo kwamba haya ni mabaki ya ibada ya ng'ombe ndani ya torati, na kwamba waandishi walipitiwa wakasahau kuyafuta. Hata ndama ya dhahabu nikaiingiza. Karatasi ilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Asiye na hatia ni mwenye ng'ombe. Wewe unayo."

Siku hizi nafundisha darasa la jioni. Wanafunzi wangu ni wainjilisti, makatekista, na watu wenye kazi zao ambao wameamua tu kwamba wanataka kuisoma Agano la Kale kwa lugha yake. Kila mwaka lazima nimpate mmoja aliyemkamata Baali mahali ambapo hakuwepo. Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa wale waliokuja darasani wakiwa tayari na mahubiri kichwani, kwa sababu ndio huteleza kwanza. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Anza hivi. Kabla baal halijawa jina la mungu yeyote, ni neno la nyumbani, na kwa Kiswahili tunalo neno linalolingana nalo karibu kama kifuniko na sufuria yake: mwenye. Baal habayit ni mwenye nyumba, tena mwenye nyumba wa kawaida kabisa, yule wa Kutoka 22:8 ambaye mali aliyowekewa na jirani imeibwa na sasa anatakiwa kuapa kwamba si yeye. Baal hashor ni mwenye ng'ombe. Kutoka hapo neno linapanuka kama "mwenye" yetu inavyopanuka, likiacha kumiliki mali na kuingia kwenye kuwa na sifa fulani. Mithali 22:24 inakuonya usifanye urafiki na baal af, mwenye hasira (af ni pua; Waebrania hasira yao hukaa puani). Mithali 1:17 inamwita ndege baal kanaf, mwenye bawa. Kondoo dume wa maono ya Danieli ni baal hakeranayim, mwenye pembe mbili. Mwanamke wa Endori ambaye Sauli alimwendea usiku amejigeuza ni baalat ov, mwenye pepo. Ile -at mwishoni ni ya kike. Na ndugu zake Yusufu walipomwona kwa mbali katika Mwanzo 37:19 walimwita baal hahalomot. Biblia ya Muungano imeipatia tafsiri ambayo sijaona nzuri kuliko hiyo: bwana ndoto. Kejeli yote iko ndani, hakuna haja ya kuongeza kitu.

Kwa wingi, baalei Shekemu katika Waamuzi 9 ni wenyeji wa Shekemu, wale wenye mji wao. Sikiliza "mwenyeji": lile lile "mwenye" limo ndani yake. Na marafiki wa Abramu walioshikana naye mikono vitani, Mwanzo 14:13, ni baalei brit, wenye agano. Mtu aliyekariri kwamba baal ni sanamu atasema Abramu alikuwa na mapatano na waabudu Baali, na nimewahi kulisikia hilo mimbarani, tena kwa sauti kubwa.

Kiswahili kinatubeba sana hapa kuliko tunavyojua. Sisi hatuna kitenzi kimoja cha kusema mtu ana kitu. Tunasema yuko nacho. Kiebrania hali kadhalika: husema kitu "kipo kwangu". Lugha za namna hii hutegemea sana neno la "mwenye" kubeba mzigo. Kwa hiyo ukikutana na baal ambalo hulielewi, jaribu "mwenye" kwanza. Likikubali, tulia. Likikataa, ndipo uanze kufikiria mengine.

La pili katika hayo mengine ni mume. Katika Mwanzo 20:3 Mungu anamtokea Abimeleki ndotoni kumwambia kwamba Sara ni beulat baal, mwanamke aliyeolewa, neno kwa neno "aliyemilikiwa na mwenye". Ndiyo, inaumiza sikio la leo, na wanafunzi wangu wa kike hawaachi kunikumbusha. Siwazuii. Lakini angalia kwanza lugha yako mwenyewe kabla hujawacheka Waebrania: bwana ni nani? Ni tajiri aliyekuajiri, ni mwanamume unayemwita kwa heshima, ni mume wa mtu, na ni Mungu. Neno moja. Baal lilikuwa hivyo hivyo. Israeli ya leo bado mwanamke humtaja mume wake baali, "baal wangu", na wapo wanaolikataa neno hilo wakatafuta jingine.

Sasa yule mungu.

Mwaka 1928 mkulima mmoja alikuwa akilima karibu na pwani ya Syria, jembe lake likagonga jiwe la kaburi la kale. Mwaka uliofuata Claude Schaeffer wa Ufaransa alianza kuchimba, na kilima cha Ras Shamra kilicho jirani kikatoa mji mzima, Ugarit, uliokuwa umeangamia tangu mwanzoni mwa karne ya 12 kabla ya Kristo. Mabamba ya udongo yaliyotoka humo yaliandikwa kwa alfabeti ya herufi 30 zenye umbo la vijiti vilivyochongoka. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Hans Bauer, Édouard Dhorme na Charles Virolleaud walikuwa wameshaisoma. Mpaka hapo karibu kila tulichojua juu ya Baali tulikipata kwa maadui zake. Hapo kwa mara ya kwanza tukawasikia waliompenda.

Baali wa Ugarit ni mungu wa mvua na radi. Anaitwa mpanda mawingu. Anapigana na Yamu, ambaye jina lake ni bahari tu, na Motu, ambaye jina lake ni mauti. Nikisema mauti sitafsiri kwa kubahatisha: neno letu limetoka Kiarabu, na la Kiarabu ni ndugu wa damu wa lile la Ugarit na la Kiebrania. Motu anammeza Baali, nchi inakauka, Baali anarudi, mvua inarudi. Ukiyajua hayo, soma tena Zaburi 68:4 uone nani anasifiwa kwa kupanda, na juu ya nini. Watafsiri wamegawanyika kati ya mawingu na majangwa, na mimi niko upande wa mawingu.

Lakini kilichonifungua macho mimi si hadithi. Ni kwamba mungu huyu alikuwa na jina lake: Hadadi, au Haddu. Baali kilikuwa cheo. Watu wakakitumia cheo mpaka kikawa jina.

Hilo lisitushangaze watu wa pwani. Mwenye, lile lile neno letu, lilitamkwa mwinyi, likawa cheo. Unguja ilikuwa na Mwinyi Mkuu wake, aliyekaa Dunga. Kisha likawa jina la mtu, na baadaye jina la ukoo ambalo Tanzania nzima inalijua kwa marais wake wawili. Hakuna anayesikia jina hilo akauliza, "mwenye nini?" Baali alisafiri barabara hiyo hiyo: mwenye, kisha Mwenyewe, kisha jina. Tofauti ni kwamba Kiebrania hakikuacha hatua za nyuma. Neno liliendelea kuwa yote matatu kwa wakati mmoja, wakati mwingine ndani ya sura moja.

Na sura hiyo ipo: 2 Wafalme 1. Ahazia mfalme ameanguka kutoka chumba cha juu, anatuma wajumbe kwa Baal-zebubu mungu wa Ekroni wamuulizie kama atapona. Njiani wanakutana na mtu anayewarudisha. Mfalme anauliza, alikuwa mtu wa namna gani? Wanajibu: ish baal sear, mtu mwenye manyoya (wengine husema ni vazi lake, wengine mwili wake). Mfalme anajua papo hapo ni Eliya. Umeliona? Adui mkubwa kuliko wote wa Baali anatambulishwa kwa neno baal, aya chache tu baada ya Baali mwenyewe kutajwa. Sijui mwandishi alitabasamu au la. Mimi hutabasamu kila mwaka.

Utawatofautishaje basi? Nikueleze ninavyofanya mwenyewe, maana vitabu vya sarufi husema kwa aya mbili na kupita.

Tazama neno linalofuata. Maneno mawili ya Kiebrania yakikaa bega kwa bega bila kiungo, la kwanza huwa "wa" la pili: baal hashor, bwana wa yule ng'ombe. Baal lenye mwenzake nyuma yake mara nyingi ni mwenye. Isipokuwa jina la mahali au la mungu wa mahali, Baal-peori, Baal-hermoni, Baal-zebubu. Na hata hao kwa asili ni "mwenye Peori", "mwenye Hermoni". Kisha tazama mbele ya neno. Kiebrania kina ha-, ndugu wa al- ya Kiarabu, inayobandikwa kwenye kitu kinachojulikana. Baal lililosimama peke yake na ha- yake, habaal, ni yule mungu. Na hiyo ha- ndiyo ushahidi wenyewe kwamba waliliona bado ni cheo, kwa sababu jina la mtu kwa Kiebrania halichukui ha-. Hakuna "ha-Musa". Wanachosema hasa ni "yule Bwana".

Mtego mmoja hapa umenilia alama nyingi. Ikitanguliwa na l- au b-, ha- humezwa. Unaona labaal, "kwa Baali", na hakuna ha. Kilichobaki ni irabu a chini ya lamed (herufi l) na nukta ndani ya bet (herufi b) inayofuata. Ukisoma bila kutazama nukta, umepotea. Wanaosoma kwenye simu, kuzeni maandishi.

Mtego mwingine: bealav. Kwa sura ni wingi, "mabwana zake", lakini katika Isaya 1:3 punda anajua kibanda cha bwana wake, na bwana ni mmoja, na neno ni hilo hilo la wingi. Ni wingi wa heshima. Lugha kadhaa za Kibantu humtaja mkubwa kwa wingi, kwa hiyo wengine wenu hamtahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Kuhusu vitabu: itifaki (orodha ya maneno ya Biblia na aya yanapopatikana) yenye namba za Strong, aliyelipa kila neno namba yake, ni msaada mkubwa, nami naitumia. Ila ujue kwamba namba 1167 ni baal la kawaida na 1168 ni Baali mungu, na mgawanyo huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa mezani karne ya 19. Maandishi ya Kiebrania hayana namba, wala hayana herufi kubwa. Neno ni moja, limeandikwa bet, ayin (konsonanti ya kooni), lamed. Anayekuambia "namba inasema ni Baali" amekuambia Strong alivyofikiri. Mara nyingi alifikiri vizuri. Na uangalie hesabu ya aya: Hosea 2:16 ya Kiswahili ni 2:18 ya Kiebrania, Kutoka 22:8 ni 22:7, Zaburi 68:4 ni 68:5. Niliwahi kupoteza mchana mzima nikitafuta neno katika aya isiyokuwa yake, nikaamini Biblia yangu ya Kiebrania imechapwa vibaya.

Tukishaijua sarufi, twende mlima Karmeli, 1 Wafalme 18. Mwaka wa tatu wa ukame, manabii 450 wa Baali upande mmoja, Eliya peke yake upande wa pili. Kwa Kiswahili aya ya 21 inasomeka: BWANA akiwa ndiye Mungu, mfuateni, bali ikiwa Baali ni Mungu, haya! mfuateni yeye. Isome mara mbili polepole. Baali maana yake ni bwana. Mtafsiri wetu ameweka BWANA mahali pa jina la Mungu wa Israeli, kwa desturi ya Wayahudi ya kutolitamka jina lile na kusoma "Adonai", Bwana wangu, badala yake. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anasikia Bwana akishindana na bwana, wala hajui. Kwa Kiebrania upande mmoja ni jina hasa lenye herufi nne, YHWH, upande wa pili ni cheo chenye ha-. Ugomvi ni juu ya nani anastahili cheo hicho, na kipimo kilichochaguliwa ni moto wa mbinguni na mvua, vitu ambavyo kila mtu pale aliamini ni kazi ya Baali. Eliya alikwenda kumpigia nyumbani kwake.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, kwa uchungu kabisa, kama basi tuache kusema Bwana katika sala, kwa kuwa ameambiwa ni sawa na kumwita Baali. Nilimjibu kwa Nahumu 1:2. Pale nabii anamtaja Mungu wa Israeli kwa jina lake la herufi nne, na mara hiyo hiyo anamwita baal hema, mwenye ghadhabu. Nahumu hakuogopa neno. Isaya 54:5 inasema Muumba wako ni mume wako, kwa kitenzi cha shina hilo hilo. Isaya 62:4 inaiita nchi Beula, iliyoolewa, shina lile lile tena. Maana ya neno haiambukizi kama surua. Hata hivyo kijana hakuwa amekosea kabisa, na hapa ndipo Hosea anapoingia.

Hosea 2:16, Mungu akimwambia Israeli kama mke wake: siku hiyo utaniita ishi, wala hutaniita tena baali. Yote mawili ni "mume wangu". Ish ni mwanamume, mume. Baal ni mume-mwenye. Mwaka wa kwanza nilipofundisha aya hii nilizunguka nusu saa na sarufi. Mama mmoja muuza vitenge, mwenye umri wa kunizaa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo halihitaji kamusi. Nikisema 'huyu mume wangu', nimemtaja mtu wangu. Nikisema 'bwana hajarudi', nimemtaja mwenye nyumba." Nikamwambia, mama, njoo usimame hapa mbele. Tangu hapo nafundisha aya ile kwa maneno yake.

Hosea hakuwa anafundisha sarufi lakini, na tusimgeuze mwalimu wa lugha. Katika 2:8 amesema Israeli hakujua nani aliyempa nafaka, divai na mafuta. Aliyapokea akamshukuru Baali. Nchi ile hailimwi kwa mto mkubwa kama Misri. Inalimwa kwa mvua, na mwenye mvua ndiye mume wa ardhi. Neno lilivyoshika udongo utaliona mbali sana na Hosea: Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi wa mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo, inataja shamba la umwagiliaji na shamba la baal, yaani linalotegemea mvua. Marabi walioandika hivyo hakuna aliyemwabudu Baali. Na wakulima wa Palestina mpaka leo huita nyanya zisizomwagiliwa baali. Zina sifa ya kuwa tamu kuliko zile za bomba.

Majina ya watu nayapenda kuliko yote, ila nitayapitia haraka. Mwana wa Sauli aliyetawala miaka miwili baada ya baba yake, katika 2 Samweli anaitwa Ishboshethi, "mtu wa aibu". Mzazi gani humpa mwanawe jina hilo? Fungua 1 Mambo ya Nyakati 8:33: Eshbaali. Mwana wa Yonathani aliyekuwa kiwete, Mefiboshethi, ni Merib-baali aya inayofuata. Gideoni aliitwa Yerubaali. 2 Samweli 11:21 inamwita Yerubeshethi. Mwandishi fulani alikataa kuliandika baal akaweka boshet, aibu. Kinachochekesha ni kwamba kitabu cha Nyakati, ambacho kwa kawaida ndicho kikali, ndicho kilichohifadhi majina ya zamani. Wala usihukumu upesi kwamba nyumba ya Sauli iliabudu Baali. Daudi alikuwa na mwana aitwaye Beeliada, na askari wake mmoja ni Bealia, 1 Nyakati 12:5, jina ambalo maana yake "Yah (ufupi wa lile jina la Mungu) ni Bwana". Kulikuwa na wakati ambapo Mwisraeli mcha Mungu aliweza kumwita Mungu wake baal bila kumgeukia Hadadi. Mwaka 2012 huko Khirbet Qeiyafa, juu ya bonde la Ela, vilipatikana vipande vya mtungi vyenye jina Ishbaali mwana wa Beda, wa miaka kama 3,000 iliyopita. Si yule wa Sauli, baba ni mwingine. Lakini jina lilikuwa la watu, kama Juma.

Desturi hiyo ya aibu ilifika mpaka Kigiriki. Katika Warumi 11:4 Paulo anaandika Baali akimtanguliza kwa kibainishi cha kike (neno dogo lenye kazi kama ya ha-), kitu ambacho kinawasumbua wanaoanza Kigiriki kama nyukta za bet zinavyowasumbua ninyi. Maelezo yanayokubalika ni kwamba msomaji alipolifikia jina alitamka "aibu", ambalo kwa Kigiriki ni neno la kike.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kufananisha sauti. Babeli haina baal ndani yake, haina ayin. Balaamu ana ayin, ila imekaa baada ya lamed, ni shina jingine. Abeli, hapana. Beli wa Isaya 46:1, ndiyo: ni neno lile lile kwa lugha ya Babeli, ambayo ilipoteza ayin zamani. Hanibali wa Karthago, ndiyo kabisa, "Baali amenifadhili". Kiswahili kinaficha ayin, kinatuachia Baali yenye a mbili kana kwamba ni sauti ndefu. Katikati ya hizo a mbili kuna konsonanti. Waliosoma chuo cha Kurani utotoni wataitamka siku ya kwanza. Ni ile ile ain waliyochapwa kwa ajili yake.

Na hao wana zawadi ya pili. Kijana mmoja Mwislamu alijiunga na darasa kwa kupenda lugha tu. Tulipofika neno hili akasema analijua, na analijua mara mbili. Katika Sura ya 37 aya ya 125 Ilyas anawauliza watu wake, mnamwomba Baali na kumwacha mbora wa waumbaji? Na katika Sura ya 11 aya ya 72 mke wa Ibrahimu, akishangaa kuambiwa atazaa, anasema huyu baali, mume wangu, ni mzee. Mungu wa Karmeli na mume wa Sara, neno moja, kitabu kimoja, kwa lugha nyingine. Nimekuwa nikihangaika na mifano ya ubaoni, yeye alikuwa nayo moyoni tangu ana miaka tisa.

Kazi ya nyumbani ni Wimbo Ulio Bora 8:11. Sulemani alikuwa na shamba la mizabibu Baal-hamoni. Tafsiri karibu zote zinaweka jina la mahali, na mahali penyewe hapajulikani. Hamon ni wingi, umati, kelele za watu, utajiri. Baal unalijua sasa. Sulemani, kwa hesabu ya 1 Wafalme 11:3, alikuwa na wake 700 na masuria 300. Yule mama wa vitenge aliposoma aya ile alicheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu," akasema, "hapa usiandike mji. Andika 'bwana wa wengi'." Mimi bado naandika mji. Lete ya kwako wiki ijayo, kwa penseli.